Njuga ya Watasema

Ngili, ngili, ngili. Mbwa mwenyewe haonekani, kwa maana nyasi zimemzidi kimo na ukungu umezimeza nyasi. Ila njuga ya shingoni mwake inasikika, sasa kulia, sasa kushoto, sasa mbele kwenye mteremko. Ngili, ngili. Kisha kimya.

Njuga ikinyamaza, kwale yupo. Mmemsikia baba yenu mdogo akiambiwa hivyo leo, alipokuwa akimfokea mkewe amjibu upesi, nanyi mkacheka, halafu mkaja kuniuliza kwale anaingiaje katika ugomvi wa mke na mume. Anaingia. Kaeni. Mwenye haraka aende zake, ingawa hadithi yenyewe ni ya mtu mwenye haraka. Methali hii ilianza hivi.

Huko Makete, kwenye miinuko yenye baridi ya kung'ata masikio, palikuwa na kijana aitwaye Sigala. Damu yake ilichemka kabla ya maji ya chai. Alikuwa hodari wa jembe na hodari wa maneno, na watu walimjua kwa wimbo wake kabla hajatokea kwenye kona. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Viazi vyake alivifukua mara mbili kabla ya wakati ili aone kama vinakua, kisha akashangaa mbona havikui.

Sigala alimpenda Sekela, binti wa Mzee Ndelwa, ambaye naye kwa maneno hakuwa nyuma. Wawili hao wakikutana mtoni, ndoo zilijaa na kumwagika wao wangali wanabishana na kucheka. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Sekela anyamaze. Alisalimu akapita. Akiulizwa, aliangalia chini. Sigala alimwuliza kwa upole siku ya kwanza, kwa wimbo siku ya pili, na kuanzia siku ya tatu alimwuliza kwa hasira.

Kwao enzi hizo mposaji hakujibiwa kwa mdomo. Alipeleka kwale mmoja, manyoya yake yote yapo, akamlaza kwenye kizingiti cha nyumba ya binti. Binti akimwokota na kumnyonyoa, amekubali. Kwale akilala pale mpaka jua lizame, mposaji hurudi kwao, na hakuna anayemwuliza neno. Sasa, siku ninayoisimulia, lori la kuchukua vibarua wa mashamba ya chai lingepita barabarani kesho yake, na Sigala alikuwa ameapa: leo apate jibu, au kesho apande lori na asionekane tena.

Bonde zima lilikuwa na bunduki moja tu, bunduki nyepesi ya marisau, vile vipunje vidogo vya risasi, yenye mtutu mmoja, nayo ilikuwa ya Mzee Ndelwa, baba yake Sekela. Mzee huyo alikuwa pia na mbwa mwenye madoa ya kahawia na masikio ya kulegea, mzao wa mbwa aliyeachwa na daktari mmoja wa misheni. Alimwita Watasema, kwa sababu majirani walisema sana walipoona mbwa anapewa maziwa. Mbwa huyo hakubweka wala hakufukuza. Kazi yake ilikuwa kunusa.

"Beba wewe," mzee alimwambia Sigala alipokuja asubuhi ile kuomba bunduki ya kuwindia kwale, akimkabidhi bunduki na risasi tatu. "Bega langu limechoka."

Wakapanda. Sigala alitangulia, mzee akafuata nyuma akigonga njia kwa fimbo yake. Walipovuka kijito, mzee alimshika Sigala mgongoni. Sigala hakulitia hilo maanani, kwa maana kichwani mwake lori lilikuwa tayari linanguruma.

"Baba, Sekela ana nini?"

"Sikiliza njuga."

"Naisikia. Lakini kama nimemkosea, si aseme? Mtu mzima anakaa kimya kama jiwe la mtoni!"

"Sikiliza njuga, kijana."

Ngili, ngili, ngili. Kisha kimya. Sigala akasimama kidogo, akahamisha uzito mguu huu hadi mguu ule, akashindwa. "Huyu mbwa kalala!" akasema, na akapiga mbinja. Prrrr! Kwale sita wakaruka mbali, wakatawanyika ukunguni. Sigala akafyatua risasi kwa hasira. Akaua ukungu.

Wakaendelea. Njuga ililia tena, ikazunguka shamba la pareto, ikashuka kwenye magugu, ikanyamaza. Safari hii Sigala alikimbia. "Watasema! We Watasema! Umekufa?" Kwale wawili wakaondoka kabla hajafika hata nusu ya njia. Akafyatua akiwa bado anakimbia, marisau yakakata majani.

Mzee Ndelwa alimfikia taratibu, fimbo ikimtangulia.

"Risasi ngapi zimebaki?"

"Moja."

"Na maneno?"

Sigala alijifuta uso. Alikuwa akihema, na jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Wewe unaisikiliza njuga kama mtu asikilizaye ngoma," mzee akasema. "Ikilia unafurahi, ikinyamaza unadhani sherehe imekwisha. Njuga ikilia, mbwa anatafuta tu, hana kitu. Harufu ya ndege ikimpiga puani, hathubutu kutikisa hata sikio. Njuga ikinyamaza, kwale yupo. Ukimwita, unamfukuza kwale. Ukimkimbilia, unamfukuza kwale. Mwendee kama unayemwendea mtoto aliyelala."

Njuga ikalia kwa muda mrefu, mpaka alasiri. Sigala aliuma mdomo wake wa chini mpaka ukauma kwelikweli. Miguu ilimwasha. Mara, kando ya njia, kimya kikaanguka.

Safari hii alihesabu hatua zake. Alimkuta Watasema amesimama kama kigingi, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, mkia umenyooka, pua imeelekea kwenye kichaka cha miiba. Hata njuga ilikuwa kama imeshika pumzi. Sigala akasonga hatua moja, akangoja. Hatua ya pili, akangoja. Kwale akalipuka kutoka kichakani. Sigala alimwacha apande, akamfuata kwa mtutu, akafyatua. Ndege akapinduka hewani, akaanguka pu! katikati ya njia nyeupe, hatua tatu tu kutoka miguu ya Mzee Ndelwa.

"Ameanguka wapi?" mzee akauliza.

Sigala akacheka kwa nguvu. "Baba nawe kwa utani! Utamkanyaga, kisha uniulize..."

Mzee hakusema kitu. Yeye ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisimama tu, na uso wake ulielekea upande wa mbwa, ambako njuga ilikuwa imeanza kulia tena, wala haukuelekea kwa Sigala. Mzaha mwingine ulikuwa umekwisha fika kwenye ulimi wa kijana. Akaumeza.

Njuga imenyamaza, akajiambia. Mwendee.

Akaweka bunduki chini, akamkaribia mzee polepole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama usoni. Macho yote mawili yalikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyopoa. Akaikumbuka fimbo. Akaukumbuka mkono mgongoni pale kijitoni, na lile bega lililochoka.

"Tangu lini, baba?"

"Jicho moja, tangu mavuno. La pili, wiki tatu zilizopita. Nilimwapisha Sekela asimwambie mtu. Wakijua watakuja kunipa pole, na mimi pole sili."

"Lakini tuko pamoja tangu alfajiri. Mbona mimi hukuniambia?"

"Ungenyamaza lini, mwanangu, nikuambie?"

Waliteremka mzee akiwa ameshika bega la Sigala, na Sigala hakuimba.

Sekela alikuwa mlangoni akimenya viazi. Alimwona baba yake alivyoshikwa, akaelewa kwamba siri imetoka. Sigala akamlaza kwale kwenye kizingiti. Mzee akapita ndani, akakaa karibu na moto.

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja juu ya mlima. Sekela hakumgusa kwale. Hakusema kitu. Kila mshipa wa Sigala ulitaka kupiga kelele: sema! Lakini alivuta kigoda, akakaa, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya viazi. Alivimenya vibaya, nusu ya kiazi ikaenda na ganda. Jua likashuka. Nusu kiganja. Bado akangoja.

"Nikimnyonyoa huyu," hatimaye Sekela akasema, kwa sauti ya chini, "nani atampa baba fimbo yake asubuhi? Nilikosa la kukujibu. Kukubali niliogopa, kukataa sikutaka."

"Basi hutahama. Mimi nitajenga hapa, ng'ambo ya uwanja huu. Lori lipite na vumbi lake."

"Utajenga kwa wakwe? Wewe, Sigala, na majivuno yako? Watu watasema umeolewa."

Mbwa, kwa kusikia jina lake, akainua sikio.

"Waseme," Sigala akajibu. "Nitawatungia na wimbo, wasipate taabu ya kutafuta maneno."

Ndani, mzee akakohoa kicheko. Sekela akainama, akamwokota kwale kizingitini, akang'oa unyoya wa kwanza. 

"Na siku nikinyamaza tena?"

Sigala akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye moto, na wanawake waliokuwa wakipita njiani na kuni walimsikia, ndio waliolichukua neno lile mpaka likatufikia sisi:

"Siku ukinyamaza, Sekela, sitakupigia mbinja, wala sitakupita nikaenda zangu. Nakuahidi, na baba anasikia: nitakuja polepole, nitakaa karibu yako, nitangoja. Njuga ikinyamaza, kwale yupo."