Mapengo na Dada Yake Msumari

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekula uji baridi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani za kale, tena kale ile ambayo hata bibi yake bibi hakuisikia, kwa kuwa mtu alikuwa bado hajaja duniani, nchi ilikuwa ya mijusi wakubwa kama majumba. Ndio hao watoto wa shule wanawaita dinosaria. Ndege nao walikuwepo. Msicheke! Walikuwepo, na walikuwa wa ukoo huohuo wa mijusi. Mabawa yao yalikuwa na kucha, midomo yao ilikuwa na meno. Naam, meno! Wewe unayetafuna muwa hapo, meno kama yako, ila yao yalikuwa safi.

Basi palikuwa na ndege wawili, dada na mdogo wake. Mkubwa aliitwa Msumari, maana meno yake yalikuwa makali na yamejipanga kama misumari mipya. Mdogo alitoka kwenye yai na kinywa kitupu. Mama yao akasubiri jino, akasubiri jino, akasubiri jino, wapi! Akamwita Mapengo.

Msumari aliishi juu ya mti mrefu, akila samaki na wadudu wanono. Mapengo alipekua chini, akidonoa mbegu. Kila asubuhi Msumari aliinama tawini na kuita, "Mapengo we! Leo umekula nini?"

"Mbegu, dada."

"Na jana?"

"Mbegu, dada."

"Na kesho?"

"Mungu akijalia, mbegu."

Mti mzima ukaangua kicheko. Mapengo alicheka nao, maana kununa hakushibishi. Lakini akienda kulala alijifunika mdomo kwa bawa, kama mwali.

Ulipofika wakati wa kutaga, Msumari alijenga kiota juu kileleni. Mapengo alichimba shimo kwenye ukingo wa mto, akayaweka mayai yake humo.

"Ndege gani anayelala shimoni?" Msumari akauliza.

"Ndege anayeogopa upepo, dada," akajibiwa.

Siku moja, jua likiwa utosini, nyota ikaanguka. Si kama vile vimondo mnavyoviona. Hii iliipiga nchi kama jiwe linalotupwa kwenye sufuria ya uji. Ardhi ikatikisika, moto ukapita juu ya misitu, moshi ukaziba jua. Mapengo aliyalalia mayai yake akitetemeka. "Dada yangu yuko juu," alisema. "Dada yangu yuko juu."

Moto ulipopita akatoka. Miti ilikuwa mkaa. Mijusi wakubwa walizunguka wakitafuta majani, wasiyapate, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Msumari alikuwa chini ya gogo, manyoya yameungua.

"Mayai yangu," alisema.

Mapengo akamkokota mpaka shimoni. Kisha akapekua majivu, akapekua, akapekua, akapata mbegu chache. Akampa dada yake ya kwanza: ikateleza kwenye meno, ikatokea kushoto. Akampa ya pili: ikatokea kulia. Ya tatu ikakwama kati ya meno mawili, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

"Meno haya hayakuumbiwa mbegu," Msumari alinong'ona. "Niache, mdogo wangu. Hizo hazitutoshi wawili, nawe una mayai."

Mapengo aliangalia mbegu, akaangalia mayai, akamwangalia dada yake. Akazimeza mbegu pamoja na changarawe, firigisi ikasaga. Kisha akasema, "Fumbua mdomo."

"Nini?"

"Fumbua mdomo nikulishe kama kifaranga."

"Mimi? Mkubwa wako? Mimi niliyekucheka mpaka mti ukatikisika?"

"Wewe huyohuyo. Na ukining'ata, nakutupa nje."

Msumari akafumbua mdomo, Mapengo akamcheulia mbegu zilizosagika. Alikula macho kayafumba kwa aibu, lakini alikula.

Giza likakaa. Mapengo alipotoka kutafuta mbegu, Msumari aliyalalia mayai kwa yale manyoya machache aliyobakiwa nayo. Mapengo alikonda akawa mfupa na mdomo. Siku moja aliporudi alisikia sauti ndogo shimoni. Akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Dada," aliita, "wametoka kama mimi?"

Msumari alichungulia kinywa cha kifaranga wa kwanza. Akachungulia cha wa pili. Akachungulia cha wa tatu. Akaanza kulia.

"Hakuna jino," alisema. "Hakuna hata jino moja! Mdogo wangu, wataishi!"

Nao wakaishi. Jua liliporudi, mama yao aliwafundisha kupekua, na mama mkubwa wao, Msumari, akawafundisha kuruka, huku akiwagombeza vilivyo. Uzee ulipomchukua, walimlaza kwenye matope ya ziwa, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kumtania mtu. Matope yakawa jiwe. Wanaopasua miamba wakikuta ndege wa aina yake wanayapigia picha yale meno na kushangaa.

Watoto wa Mapengo hawana muda wa kupigwa picha. Wako uani, wanapekua. Asiyeniamini amkamate kuku kesho, amfumbue mdomo. Akiona jino hata moja, aje anidai mshikaki.

Hadithi yangu inakomea hapa. Aliyeisikia aibebe, na aliyesinzia asimwulize jirani yake, maana naye alikuwa anakoroma.