Kunde za Namsifu

“Hamu ya mgeni isifagie bustani.” Mmenisikia nikimwambia hivyo dada yenu, anayepiga deki mpaka kuku wanateleza kwa kuwa mchumba wake anakuja kesho. Mkacheka, kisha mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu milimani Upare.

Palikuwa na mjane aitwaye Namsifu. Mwanawe wa pekee, Nakiete, aliolewa Songea, na Songea ya siku zile ilikuwa mbali kweli. Miaka ikapita hawajaonana. Namsifu akisikia hatua njiani alitoka mbio, mwiko mkononi, akakuta ni jirani anapita zake. Kumkosa mtu ni ugonjwa, wajukuu zangu, asiwadanganye mtu.

Nyuma ya jiko alikuwa na bustani ya kunde. Aliimwagilia kwa maji ya ndiva, lile bwawa letu tunalofungulia kwa zamu, kwa hiyo hata kiangazi alichuma majani mabichi. Buibui walitanda nyuzi zao kati ya mashina, wala hakuna aliyewajali.

Kiangazi kimoja ikaja salamu kutoka Songea: Nakiete atakuja mwezi ujao, na hana analolitamani kama kunde za mama yake. Za huko hazimpiti kooni.

Namsifu alilia kwa furaha, kisha akashika ufagio. Mnajua desturi yetu: mgeni akikuta utando nyumbani, husema nyumba haina mwenyewe. Akafagia chumbani, akafagia jikoni. Bado moyo haukutulia, akaingia na bustanini.

Wifi yake, Mama Mbonea, akamkuta anapukutisha nyuzi.

“Wifi, hao buibui wamekukosea nini?”

“Mwanangu akikuta utando mpaka kwenye mboga, atasema mama amezeeka, hajiwezi tena.”

“Lakini hapo si sebuleni. Waache, nao wana kazi yao.”

“Kazi gani? Wewe wanao unawaona kila uchao. Ungejua ninavyomngoja huyu wangu, ungenisaidia kufagia.”

Mama Mbonea akaondoka, na Namsifu hakubakiza hata uzi mmoja.

Basi wakaja vidukari. Wale wenye mabawa, waliokuwa wakinasa kwenye nyuzi, sasa walitua kama kwao, wakazaliana chini ya majani na kufyonza maji yake. Majani yakajikunja, yakanata, sisimizi wakapanda kulamba utamu. Namsifu alinyunyiza majivu asubuhi na jioni. Alikuwa amechelewa. Mashina yakasimama makavu.

Nakiete akafika. Walikumbatiana, wakalia, wakachekana kwa mvi na unene. Mama alikuwa amechinja jogoo. Binti alionja kidogo, akainuka kwenda nyuma ya jiko.

“Mama, kunde ziko wapi?”

Namsifu akamweleza yote, macho chini.

“Mama yangu,” Nakiete akasema, “nani alikwambia nakuja kukagua utando? Ningekuta umezungukwa na buibui mpaka kitandani, ningekaa hapo hapo nile kunde zako.”

Alikuwa ameacha watoto wadogo, hakuweza kukaa sana. Aliondoka kabla ya vuli.

Mvua zikanyesha. Namsifu akapanda upya, na safari hii ufagio hakuusogeza huko. Buibui wakarudi wenyewe. Kunde zikastawi ajabu, laini, za kijani kilichokolea. Alizichuma, akaziunga kwa karanga kama alivyopenda mwanawe, akaketi kula peke yake. Miaka mingine ilikuja na kunde zake, lakini Nakiete hakuwahi kurudi mama yake akiwa hai.

Mama Mbonea ndiye aliyemfumba macho wifi yake alipofariki. Tangu hapo, kila alipomwona mtu anahangaika kupamba mpaka anaharibu kile kile mgeni anachokifuata, alimshika mkono na kumwambia taratibu: hamu ya mgeni isifagie bustani.