Pembe ya Namsifu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzijuzi ambazo hata mimi nilikuwa na meno yote, palikuwa na kijiji mlimani huko Upare. Kijiji hicho kiliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe: maji ya kijito yanalala humo, kisha mlango wa gogo unazibuliwa, yanashuka mashambani kwa zamu. Ukuta ukichoka, pembe inapigwa, na watu wote wanatoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Asiyetoka hana maji.

Pembe hiyo ilishikwa na chama cha vijana, na kiongozi wa chama alikuwa binti mmoja, Namsifu. Alikipokea chama kikiwa cha kucheza ngoma na kutukanana. Akakilea. Kila Jumapili aliwakalisha ukingoni mwa ndiva wajadiliane, na kila mtu, hata aliyejiunga jana, alipewa zamu ya kuendesha mkutano. Alikuwa na maneno matatu, nao wakayajua kama jina la mama: Usingoje kutumwa. Amri mbovu ikatae. Nafasi ya mwenzio usiiache wazi.

Wazee walicheka, "Chama cha makelele hicho!" Lakini mwaka wa tatu wenyewe wakampa mwenye pembe kiti kwenye baraza la maji. Kiti kimoja tu. Kijana mwingine hana pa kusemea.

Basi Namsifu akachumbiwa na mtu wa bondeni. Siku wakwe walipoleta mahari, nyumba imejaa, dengelua, pombe ya miwa, inanyweka, bibi arusi amekaa mkekani macho chini, mara huyo! Kajiru, kijana wa chama, akaingia. Hodi hakupiga, shikamoo hakutoa. Akaruka miguu ya mawifi, akaichomoa pembe nyuma ya mlango, akatoka mbio.

"Ee! Huyo mwizi au shemeji?" mama mkwe akauliza, dengelua imemmwagikia mapajani.

Nje pembe ikalia. Namsifu akashtuka: pembe yake, mdomo wa mwingine! Akainuka. Shangazi yake akamvuta kitenge.

"Kaa chini! Mwali haendi msaragambo."

Akakaa. Kwa hiyo yaliyotokea hakuyaona kwa macho, aliyasikia, na kila mdomo ulikuja na lake. Lakini yote yalipopepetwa, ilibaki hivi.

Kajiru alikuta ukuta wa ndiva umetoboka, tundu la kupita kichwa cha mtu, na chini yake kuna nyumba saba. Alipopiga pembe, vijana arobaini wakaja. "Mawe! Udongo! Zibeni!" Wakaziba. Lakini kijito kilikuwa bado kinaingiza maji, ukuta ukaanza kutoa tumbo.

Kijana mwingine, Sengondo, akasema, "Tuzibue mlango, maji yatoke."

"Maji ya kijiji kizima? Umetumwa na nani?" Kajiru akafoka.

"Na macho yangu."

"Atakayeligusa gogo si mwenzetu tena!"

Sengondo akaligusa. Akalichomoa peke yake, hakumwuliza mtu. Maji yakashuka kwa hasira, maji ya zamu za juma zima, yakalizoa shamba la maharage la mama yake Namsifu, maharage ya karamu ya arusi. Halikubaki jani.

Na wakati yanatoka, lile tundu likafumuka upya. Vijana wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kajiru akakimbia, Sengondo akakimbia. Hakukimbia Nakiete, yule msichana ambaye zamu yake ya kuendesha mkutano ikifika husema, "Mpeni mwingine." Alikita mgongo kwenye tundu, matope yakamfika kifuani. Hakuita mtu. Mmoja akageuka, akamwona, akarudi na jiwe. Akarudi wa pili. Wakarudi wote arobaini. Ukuta ukasimama, nyumba saba zikapona.

Kesho yake wakakusanyika ukingoni. Mzee Mrutu, mlinzi wa maji, mkali kama pilipili kichaa, akamwambia Namsifu, "Binti, kesho unakwenda kwa mumeo. Ukuta huu tumeutia viraka tu, na mawingu yameshakaa kilele cha Shengena. Asipokuwepo wa kupiga pembe, mvua ya kwanza inaondoka na nyumba zile. Toa pembe leo. Unampa nani?"

Kajiru akasema, "Dada, nipe mimi. Ulisema tusingoje kutumwa, mimi sikungoja. Bila pembe yangu, nani angekuja?"

"Pembe yako?" akarukia Sengondo. "Uliiiba mbele ya wakwe! Ukatuamuru tuzibe mpaka ukuta ukavimba kama wewe. Dada, ulisema amri mbovu tuikatae, mimi niliikataa. Bila mimi, wangekuja kuzoa maiti."

"Na maharage?" mama yake Namsifu akadakia. "Ungepiga hata ukelele mmoja, mwanangu, ningekimbilia madebe mawili!"

Watu wakacheka, kicheko kikafa upesi.

"Nyote wawili mlikimbia," kijana mmoja akasema kutoka nyuma. "Nafasi ya mwenzio usiiache wazi, nani aliyeishika? Nakiete ndiye aliyeturudisha."

Wote wakamgeukia Nakiete. Akakwaruza udongo kwa kidole cha mguu. "Dada, mimi sitaki. Ukinipa nitaitundika tu. Kuita watu siwezi."

"Ukuta uliuweza!" akasema yule kijana wa nyuma.

"Ukuta hauulizi maswali," Nakiete akasema.

Namsifu akaishika pembe kwa mikono miwili. Akamtazama Kajiru, akaona anastahili. Akamtazama Sengondo, akaona anastahili. Akamtazama Nakiete, akaona anastahili. Maneno yake matatu aliwafunza wote, mbona kila mmoja alibeba moja akayaacha mawili? Na ndani kulikuwa na kitu kinamkereketa. Akakitapika.

"Alhamisi Nakiete alikuja kwangu. Aliniambia ukuta unalia maji. Nilikuwa napimwa gauni. Nikamwambia, kesho."

Mama yake akashika mdomo.

"Na wewe mbona hukutuambia?" Kajiru akamwuliza Nakiete.

"Nilishamwambia mwenye pembe."

Mzee Mrutu akatema mate pembeni. "Loo! Aliyelala ndiye amchague aliyekesha?"

"Basi chagua wewe, Babu," Namsifu akasema, akamnyooshea pembe.

"Mimi? Mkono wangu ukiigusa, inarudi kwa wazee. Na kiti chenu kinarudi nayo."

Namsifu akaurudisha mkono haraka. Kajiru amenyoosha kiganja. Sengondo ameficha mikono nyuma, lakini macho yako kwenye pembe. Nakiete anatazama miguu yake. Na tone la kwanza la mvua likadondoka, puu, juu ya kiraka cha ukuta.

Sasa, wajukuu zangu, mie nimeihangaikia hii tangu nywele nyeusi, na kila nikimpa mmoja, wawili wananinyima usingizi. Kuna aliyeita, kuna aliyekataa, kuna aliyebaki. Na kuna aliyewafunza wote, akasahau siku moja. Mvua ndiyo hiyo, haingoji.

Je, pembe ile ni ya nani? Na yeye Namsifu, alikuwa bado na haki ya kuitoa?