Halwa Kiganjani, Kashata Mlangoni

Hapo zamani, na zamani hiyo msinidai tarehe, palikuwa na mji uliojua kupenda mpaka ukaua. Humo aliishi Bi Saumu, mjane, na farasi wake mfupi wa kimo aliyeitwa Kashata. Kashata ndiye aliyewabeba mabwana harusi wote wa mji kwenda kwa wake zao. Na harusi ilikuwa na desturi yake: mama wa bwana harusi humlisha farasi halwa kiganjani, ili ndoa iwe tamu. Kashata akilamba, watu hupiga vigelegele.

Miaka ikaenda, Kashata akazeeka. Manyoya yakamwota marefu, ya kujikunja, yasipukutike hata joto la kaskazi lilipochoma mawe. Akatota jasho. Akanywa maji ndoo kwa ndoo, akaloanisha banda zima. Mgongo ukabonyea, tumbo likaning'inia, na kwato zikamuuma hata akawa anatembea kama aliyekanyaga makaa.

Watu wakacheka. "Tazama manyoya! Mzee karudi ujanani!" Wakamwongeza halwa.

Saumu alikasirika, maana yeye ndiye aliyemsikia Kashata akiguna kila alipotaka kuinuka. Akaenda sokoni, akapaza sauti: "Enyi mnaocheka! Atakayeniponyea Kashata, nitampa Lulu!"

Lulu alikuwa binti wa Kashata, farasi kijana, na Saumu hakuwa na kingine cha kumlisha uzeeni. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Akaja Shekue kinyozi. "Bi Saumu, nywele ndizo kazi yangu." Akamnyoa Kashata mwili mzima, na kila manyoya yalipoota akarudi kuyanyoa. Jasho likakauka, Kashata akapumua. Lakini kwato bado ziliuma.

Akaja Bi Mashavu, mganga wa mitishamba. Akamtazama, akasonya. "Maradhi haya yamekaa kichwani. Manyoya ni moshi tu. Atakunywa mzizi huu mchungu kila asubuhi, leo, kesho, mpaka siku atakayokufa." Akaja kila asubuhi, mvua au jua. Kashata akamuuma, kidole kikabaki kimepinda, naye akaja tena. Kiu ikapungua, mgongo ukaanza kujaa. Lakini kila harusi ilipopita, kwato ziliwaka upya.

Akaja Mkuwa, mpishi pekee wa halwa mjini. Huyu hakuja kutibu, alikuja kuchungulia. Akaona miguu ya Kashata, akarudi kwake, akaipindua sufuria yake juu chini. "Sipiki halwa ya harusi mpaka desturi hii ife," akasema.

Mke wa liwali, aliyekuwa na mwana wa kuoza, akamfuata mpaka jikoni. "Wewe nani hata uharibu ndoa ya mwanangu?"

"Halwa yangu ndiyo iliyomchoma farasi miguu," Mkuwa akajibu. "Mwanao akitaka ndoa tamu, na awe mtamu mwenyewe."

Walimtukana, wateja wakamkimbia, akaishia kuchuuza maji mitaani. Lakini harusi zikapita bila halwa, na kwato zikapoa. Asubuhi moja Kashata akatoka mwenyewe bandani, akaenda mpaka kisimani, akalia kwa sauti iliyosikika msikitini.

Basi wakaja wote watatu kwa Saumu, na mji ukawafuata.

"Nipe Lulu," akasema Shekue. "Mimi nilianza, nyote mkiwa mnacheka."

"Nipe mimi," akasema Bi Mashavu. "Bila mzizi wangu ungenyoa maiti. Kidole changu hiki hapa."

Mkuwa akasema, "Nyinyi mlitoa kazi yenu mkabaki nayo. Mimi niliiacha."

Mtu mmoja umatini akapaza sauti: "Hakuna aliyemponya! Mzizi ukikosekana, si farasi atalala chini? Kinyozi akichelewa, si manyoya yanarudi? Bi Saumu, ulisema kuponya. Hukusema kuuguza!"

Neno lile lilimchoma Saumu, kwa kuwa ni kweli alilitamka mwenyewe, na kwa neno hilo Lulu angebaki wake. Akafoka: "Mnanishikia neno? Nyinyi mliomlisha maradhi kwa viganja vyenu, leo ndio walimu wa maneno?"

Wakati anafoka, mke wa liwali akapenya umatini na sahani ya halwa iliyopikwa mji wa pili. Akamwendea Lulu, aliyesimama kando ya Saumu, maana sasa ndiye angembeba mwanawe. "Onja, mama, mwanangu aoe kwa heri."

Lulu akanyoosha shingo.

Saumu akaipiga sahani kofi, halwa ikatapakaa mchangani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Saumu akasimama na kamba ya Lulu mkononi, pumzi zikimpanda, na mbele yake mikono mitatu imenyooshwa: mmoja umeshika mkasi, mmoja kidole kimepinda, mmoja hauna kitu. Nyuma yao mji mzima unasema kamba ni yake, maana hakuna aliyeponya.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msikimbilie kujibu. Harusini mlikuwapo, nawajua. Kwanza nionyesheni viganja vyenu, kisha mniambie: kamba ile, nani aliistahili?