Aliyepigwa Risasi Kwenye Kihamba Chake

Safari nimekula nyingi: nyingine kwa kupenda, nyingine kwa kusinzia nikapitiliza kituo. Siku moja kule Uingereza, ndani ya treni, bwana mmoja mwenye viatu vizito alinikanyaga kidole gumba. Kabla sijapiga yowe nikajikuta nimesema, "Samahani sana." Mimi niliyekanyagwa! Na yule bwana akanisamehe. Hapo nikajua Kiingereza kimeniingia hadi kidoleni.

Nikamkumbuka Mama Aikande wa hadithi ya zamani, ambaye namvulia kofia mpaka leo.

Zamani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, palikuwa na Mangi mmoja, yaani mfalme wa Wachaga wa upande ule. Alipenda Kiingereza kama mtoto apendavyo sukari guru. Karani wake, Elifuraha, alikisoma misheni, na kila shauri lilipokuwa gumu Mangi alimgeukia na kumuuliza, "Waingereza wenyewe wangesemaje?"

Asubuhi moja Lyatuu, shemeji yake Mangi, alitoka na bunduki kuwinda mbega. Mbega akakimbia, risasi ikaenda zake. Ikampata Mama Aikande mkono wa kulia, akiwa anakata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chake, lile shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe.

Shauri likafika barazani. Mama Aikande akaja, mkono umening'inia kwenye kitambaa.

"Mangi," akasema karani, "kwa watu wa namna hii Waingereza wana maneno yao, mazuri sana. Kwanza humwita mtu asiye na hatia. Kisha husema: alikuwa mahali pabaya, wakati mbaya."

Baraza zima likaguna kwa kupendezwa. Na kweli ni maneno laini, hayamgombezi mtu yeyote.

"Hayo hayo!" Lyatuu akadakia. "Hata mimi nilitaka kusema hivyo, Kiingereza tu ndicho kilichonipiga chenga."

Mangi akatoa hukumu. "Pole sana, mama. Huna hatia. Na kwa kuwa mahali penyewe ni pabaya, kuanzia leo usikanyage tena ule upande wa chini wa kihamba chako. Tuwaachie wawindaji. Ni kwa usalama wako."

Upande wa chini ndiko mfereji ulikopita, ndiko migomba ilikozaa. Ukiutoa huo, mama wa watu anabaki na mawe na kuku wanne.

"Asante kwa pole, Mangi," akasema. "Naomba jambo moja. Twende pale, kila mtu asimame aliposimama siku ile. Nataka niuone huo ubaya wa mahali, maana nimeishi pale tangu nilipoolewa na sijawahi kuuona."

Watu wakacheka. Mangi naye akacheka, na mtu akishacheka, kukataa kunamwia vigumu. Wakateremka wote.

Sasa, Wachaga huzungushia kihamba mimea iitwayo masale. Ndiyo mpaka. Na jani la isale hilo hilo ndilo mkosaji humpelekea aliyemkosea, kumwomba radhi. Ukiletewa isale, hukatai.

Mama Aikande akasimama katikati ya majani yake, mundu mkono wa kushoto. "Mimi nilikuwa hapa. Saa ya kukata majani, kama kila siku. Baba, nawe simama ulipokuwa."

Lyatuu akasogea huku, akarudi kule, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akasimama kwenye maharage yaliyopondwa na viatu, na pale hakuna mwingine aliyevaa viatu. Ilikuwa ndani kabisa ya mpaka. Nyuma yake masale yalikuwa yamevunjika, pale alipojipenyeza.

"Mangi," mama akasema, "leo usimuulize karani. Tazama kwa macho yako. Kati yetu wawili, nani yuko mahali pabaya?"

Ng'ombe akalia bandani.

"Nadhani," Elifuraha akanong'ona, "hapa hata Waingereza wangenyamaza."

"Lakini yule mbega..." Lyatuu akaanza.

"Mbega naye alikuwa kwao," mama akamkatiza.

Wote wakangoja Mangi amwamuru shemeji yake achume isale. Hakuamuru. Aliinama mwenyewe, akaokota jani moja kwenye yale yaliyovunjika, akamwendea Mama Aikande.

"Risasi ya kwanza ni ya shemeji yangu," akasema. "Ile ya pili, ya kukutoa kwako, niliifyatua mimi barazani. Nisamehe, mama. Kihamba ni chako, juu na chini."

Mama Aikande akalipokea kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeona ni dharau. Kisha akamgeukia Lyatuu.

"Na wewe, usisimame hapo kama mgomba usiozaa. Isale lako nitalipokea jioni. Kwa sasa ng'ombe wangu ana njaa, na Kiingereza hajui."

Akamkabidhi mundu.

Mtumie mwenzako hadithi hii. Usipotuma hutapatwa na balaa lolote, mimi si mganga. Ila siku utakapokanyagwa ukaomba radhi wewe, usinilaumu.

Funzo: Kabla hujamuuliza aliyeumia alikuwa akifanya nini pale, muulize aliyemuumiza alifuata nini pale.