Reale Saba za Kidani cha Barka

Walio karibu waketi, walio mbali wasogee. Kabla sijaanza, kila mtu anyooshe mkono wa kulia na akunjue kiganja, nikione. Msiniulize kwa nini. Haya, asanteni.

Palikuwa na mji wa nyumba za mawe ambao wanawake wake walipenda vito vya fedha kuliko vya dhahabu. Katika mji huo walikaa ndugu watatu, watoto wa sonara aliyekwisha kufariki, na kila mmoja alijaliwa kipawa chake.

Mwanamkuu, dada yao wa kwanza, alijaliwa sikio. Ukiangusha sarafu juu ya jiwe la marumaru, yeye alikuambia kama ni fedha tupu au imetiwa risasi. Fedha safi, alisema, huimba kisha hunyamaza polepole. Ya bandia hukohoa.

Lali, wa pili, alijaliwa macho. Mnazijua zile reale kubwa za zamani, upande mmoja mama mnene aliyejitanda ushungi, upande wa pili tai wa vichwa viwili? Zote zimeandikwa mwaka mmoja, hata zile zilizopigwa miaka mia na zaidi baadaye. Kwa mimi na wewe, reale ni reale tu. Lali alitazama lulu za kishikizo cha begani mwa yule mama, akatazama manyoya ya mkia wa tai, akakwambia: hii ni ya kale kweli, na hii ni mjukuu wake.

Bunu, kitinda mimba, kipawa chake kilikuwa kiganjani, na hakukifurahia hata kidogo. Akifumba reale mkononi, alijua kama mwenyewe bado anaitaka, awe hai au awe amekufa. Lakini kiganja hicho hakikuweza zaidi ya reale mbili. Baada ya hapo kilikufa ganzi mpaka kesho yake.

Watu walitoka mbali kuja kuwauliza, hii ninunue au niache? Nao hawakukosea.

Asiyewauliza alikuwa ami yao, Mzee Shekuwe. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Barka, akataka amvishe kidani cha reale. Akapita mchuuzi wa vitu vikuukuu, ana reale saba kwa bei ya kutupa. Shekuwe alijiambia kwamba akienda kwa akina Mwanamkuu mchuuzi ataondoka. Ukweli ni kwamba aliogopa kuambiwa asinunue. Cha rahisi kina utamu wake, tusidanganyane. Akalipa, akazitunga, Barka akakijaribu kidani mbele ya kioo.

Kesho yake Barka aliamka, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimejikunja na hakikunjuki. Asubuhi iliyofuata kikajikunja cha pete. Havikuuma. Vilikuwa baridi tu. Alipofikia cha kati, Bi Mwanaate, mwosha maiti wa mji, alikuwa amekuja kusaidia kutwanga hina. Akauona mkono ule, akaweka mchi chini.

"Mkono huu nimewahi kuufungua," alisema.

Akawaeleza. Alipokuwa msichana akifundishwa kazi na shangazi yake, waliitwa kumwosha bibi harusi mmoja. Bwana harusi alikuwa ameingia chumbani, akamwekea kiganjani reale moja ya kipa mkono, kama desturi ilivyotaka, na kabla hajamfunua uso, mwanamke alikuwa amekwisha kufa. Alikufa ameifumba reale yake. Waliufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, maana maiti hazikwi na mali. Na katika mji huo, reale ya namna hiyo haiuzwi wala hairithiwi. Hurudishwa chumba kilekile, ikawekwa katika kidaka ukutani, ikaachwa humo.

"Lakini mtu wa nyumba ile aliitia mfukoni pamoja na nyingine," alisema Bi Mwanaate, "kisha akachomoa yoyote akaiweka kidakani. Aliona zote zina mama yuleyule na mwaka uleule. Marehemu hakuona hivyo. Anatafuta yake tangu siku ile, na sasa ameifuata hapa. Kidole gumba cha Barka kikijikunja, Barka ataondoka naye."

Mama yake Barka aliketi sakafuni akalia. Shekuwe akatuma waitwe watoto wa ndugu yake.

Walipofika, Bi Mwanaate hakuwaficha. "Barka aliivaa hajui. Ikirudi kidakani, ataachwa. Lakini anayeishika akijua ni ya nani, marehemu humkumbuka, akamfuata kuidai." Akavuta uzi mweusi shingoni mwake, ukatoka na reale. "Ndiyo maana nina hii. Ni ya umri mmoja na yake. Huja, hunipapasa, akaikuta, akaridhika, akaenda. Sitaivua mpaka na mimi nioshwe."

Ndugu watatu wakatazamana. Walifikiri kwamba katika reale saba, ikitoka moja, za kuwatosha wao watatu hazitakosekana. Na Barka walikuwa wakimpenda. Wakakifungua kidani.

Mwanamkuu aliziangusha juu ya marumaru, moja baada ya moja. Nne ziliimba. Tatu zilikohoa. "Hizi tatu zimetiwa risasi," alisema. "Bwana harusi wa nyumba ile hangempa mkewe risasi." Lali alikuwa amezitazama hizo tatu akaona lulu na manyoya yako sawasawa, kwa kuwa zilimiminwa katika umbo la reale ya kweli. Angeachiwa peke yake angezipitisha.

Lali alizichukua zile nne akazipeleka dirishani. Alikaa nazo mpaka macho yakamtoka machozi. "Hizi mbili ni wajukuu," alisema. "Zilipopigwa, yule mwanamke alikuwa kaburini siku nyingi." Sikio la Mwanamkuu halingejua hilo. Zilikuwa fedha safi, na ziliimba vizuri kama nyingine.

Zikabaki mbili. Bunu aliifumba ya kwanza, nayo ikapata joto upesi, kama fedha yoyote mkononi mwa mtu. Akaifumba ya pili. Alikaa nayo, jasho likamtoka usoni, na reale haikupata joto. Kisha vidole vyake vikaanza kubana, na waliomtazama waliona si yeye anayevibana. Bi Mwanaate akamfungua kimoja kimoja, kazi aliyoizoea.

"Ni hii," alisema Bunu. "Anauliza mbona tumechelewa."

Walikwenda jua likiwa utosini. Nyumba ile ilikuwa gofu, lakini ukuta wa chumba ulisimama, na kidaka kilikuwa kitupu, hata ile iliyowekwa kimakosa ilikwisha kuibwa. Wakaiweka reale, wakatoka bila kugeuka. Mwanamkuu peke yake ndiye aliyesikia fedha ikigonga jiwe nyuma yao, ikaanza kuimba, kisha ikakatika ghafla, kama imefunikwa na kiganja. Waliporudi, walimkuta Barka amekunjua vidole vyote, anaomba chakula.

Ilikuwa furaha, na Shekuwe alilia bila kuona haya. Ndipo Lali akatazama juu ya marumaru. Tatu za risasi, mbili wajukuu, na ya kale moja tu. Kila walipohukumu kwa haki, walikuwa wakijipunguzia kinga yao wenyewe. Na reale nyingine za umri ule hazikuwepo tena mjini, kwa sababu baba yao, sonara hodari, alikuwa ameziyeyusha zote kuwa bangili.

Asubuhi, Mwanamkuu aliamka kidole cha mwisho kimejikunja. Lali vilevile. Bunu viwili.

Shekuwe aliwaita, akaiweka ile reale mbele yao. "Wanangu, mimi ndiye niliyenunua bila kuuliza, na deni ni langu. Reale hii ni haki yenu. Lakini nikiikata si reale tena."

"Tuivae kwa zamu," alisema Lali.

"Haji kwa zamu," alijibu Bi Mwanaate.

Mwanamkuu akasema, "Mimi ndiye niliyeanza. Bila sikio langu, Bunu angemaliza kiganja chake kwenye risasi."

Lali akasema, "Na bila macho yangu angeletewa nne, naye anaweza mbili. Barka angekuwa anaoshwa sasa hivi."

Bunu aliweka mkono wake juu ya marumaru, wakauona.

Kisha Mwanamkuu akaisukuma reale kwa Bunu, Bunu akaisukuma kwa Lali, Lali akairudisha kwa dada yake. Kila mmoja aliitaka, na hakuna aliyeweza kuichukua wenzake wakimtazama.

Ipo pale juu ya marumaru. Kesho vitajikunja vingine. Sikio, macho na kiganja, bila kimoja Barka asingepona. Avae nani? Je, wewe ungeamua vipi?

Msinijibu kwa pamoja. Mwenye jibu ainue mkono wa kulia, ukiwa wazi kama ulivyokuwa tulipoanza. Wewe pale nyuma, naona una la kusema. Mbona hukikunjui hicho kidole?