Miguu ya Wachumba wa Toruni

Sogeeni, jamani, sogeeni karibu, na wewe mwenye kelele huko nyuma funga mdomo, maana hii si ya kusikiliza nusunusu! Leo tunakwenda kaskazini kabisa, nchi ya theluji, ambako kulikuwa na vijana watatu, kila mmoja na kipaji chake. Halvadi alikuwa na masikio: alisikia manyoya yakiota mgongoni mwa kondoo. Kolbeni alikuwa na nguvu, na mdomo wa mzaha usiopumzika. Stenari alikuwa na moto: kuni mbichi, kuni zilizolowa, akizishika yeye zinawaka. Na wote watatu, maskini, walimpenda msichana mmoja, Toruni binti wa mtemi.

Toruni mwenyewe alimpenda Stenari. Hakuwa amemwambia mtu, hata Stenari mwenyewe. Alikuwa bado anatafuta maneno siku Jitu la Jalidi, lile la baridi kali, lilipoteremka mlimani, likamnyakua, likamfungia katika chumba cha barafu chini ya ziwa.

"Utakaa humo mpaka ukubali kuolewa nami," likasema.

"Basi nitazeekea humu," Toruni akajibu. Si mchezo msichana huyo! Lakini jitu lilipoondoka alilia sana, akaanza kuita, "Stenari! Stenari!" Aliita hivyo siku arobaini.

Halvadi akatoka kumtafuta. Yeye husikia vizuri zaidi kwa nyayo, basi akavua viatu, akasimama peku juu ya barafu ya ziwa la kwanza kutwa nzima. Kimya. La pili, kimya. Ziwa la tisa akaisikia sauti ya Toruni, mbali huko chini, ikiita jina, na jina si lake. Hebu jiwekeni mahali pake! Angeweza kurudi nyumbani akasema hakusikia kitu. Hakurudi. Alisimama palepale mpaka akajua mlango wa chumba uko wapi, na vidole saba vya miguu yake vikafa kwa baridi.

Kolbeni alipoitwa akaja mbio. Mlangoni palikuwa na mbwa mwitu mkubwa kuliko ng'ombe, na hakuna kamba iliyoweza kumshika, isipokuwa uzi mmoja mwembamba waliousokota wahunzi wa chini ya ardhi, na Kolbeni alikuja nao. "Huu ni mchezo tu," Kolbeni akamwambia. "Tukufunge tuone kama utaukata."

Mbwa mwitu naye si mjinga. "Kwanza weka mguu wako kinywani mwangu. Ukinidanganya, ni wangu."

"Chukua wa kushoto, ndio unaonuka zaidi," Kolbeni akasema, akauingiza. Halvadi akafunga uzi. Mnyama akajivuta, akajivuta tena, akatambua amepatikana. Kwap! Mguu ukaenda, mpaka kwenye kifundo! Na Kolbeni, damu zikimtoka, akauvunja mlango wa barafu kwa bega, akamtoa Toruni, wakajitupa kwenye gari la theluji linalovutwa na kulungu, nao wakatimka! Jitu likawafuata likinguruma, wapi! Halikuwapata.

Mnauliza Stenari alikuwa wapi? Nyumbani! Msigune, ngojeni kwanza. Nchi ile mtu akipotea, moto wa jikoni kwao haulali. Ukizimika tu, anahesabiwa amekufa, na ni mwiko kumtafuta tena. Stenari alimpigia mtemi magoti. "Niruhusu niende, nakuomba."

"Ukienda wewe, moto atauweza nani?" mtemi akamuuliza.

Na jitu lilijua. Kila siku lilipuliza theluji kupitia dohani ya moshi ili moto uzimike. Stenari akamaliza kuni, akachoma kitanda chake, akachoma mashua yake, akachoma mlango wa nyumba yake. Siku ileile Halvadi aliposimama kwenye ziwa la tisa, theluji iliporomoka yote juu ya makaa. Stenari akayazoa kwa mikono mitupu, akayashikilia kifuani akiyapuliza mpaka yakawaka tena. Viganja vyake havikupona.

Toruni aliporudi akasimuliwa yote, akalia kwa furaha na uchungu pamoja. Vijana wote watatu wakamposa. Mtemi akasema, "Mimi sina mabinti watatu. Tufuate desturi." Na desturi yao ni hii: wachumba husimama nyuma ya pazia, ikaonekana miguu peke yake, na msichana humchagua mume kwa miguu, eti uso unadanganya. Akigusa mguu, imekwisha hiyo, ndoa imefungwa.

Toruni akapiga magoti mbele ya pazia. Desturi iliwekwa ili asimjue mtu, naye aliwajua wote! Hii hapa miguu yenye vidole vitatu. Huu hapa mguu mmoja, na pembeni yake gongo la mti. Na hii hapa miguu mizima, mizuri, haina hata mkwaruzo, kwa sababu makovu ya Stenari yalikuwa huko juu yasikoonekana. Alipoitazama, moyo ukamruka.

Halvadi akausikia. Akairudisha miguu yake nyuma kidogo. Toruni akaona, akauma mdomo.

"Fanya haraka, bibie," Kolbeni akaita kutoka nyuma ya pazia, "mwenzio nasimama kwa mguu mmoja!" Watu wote wakaangua kicheko. Toruni hakuweza kucheka.

Akanyoosha mkono.

Haya, mimi naishia hapo, mkono wake uko hewani, na msinitazame hivyo! Bila masikio ya mmoja, bila mguu wa mwingine, bila viganja vya wa tatu, leo angekuwa yuko chini ya ziwa. Wewe ungemgusa nani? Na wale wawili, pazia likifunguliwa, ungewaambia nini?